Zakayo wa Yeriko na Kijana wa Goma

Kuna kazi moja ambayo Injili haichoki kuitaja, nayo si ya uvuvi wala ya uchungaji. Ni kazi ya kutoza ushuru. Mathayo aliitwa akiwa ameketi penye meza ya ushuru katika Kafarnaumu. Watoza ushuru walimwendea Yohane Mbatizaji, wakamwuliza wafanye nini, naye hakuwaamuru waache kazi. Aliwaagiza tu wasitoze kuzidi kile walichopangiwa. Mtoza ushuru ndiye aliyesimama mbali hekaluni na kujipiga kifua. Na katika mji wa Yeriko, muda mfupi kabla ya Mateso yake, Bwana wetu alijialika mwenyewe nyumbani kwa mkubwa wao, jina lake Zakayo. Sisi tunaokaa katika nchi yenye mipaka mirefu na bariere nyingi, sisi tunaojua kungoja mbele ya karani huku mkono umo mfukoni, yafaa tuitazame vizuri kazi hiyo. Habari ya Zakayo tumeisikia kanisani tangu utoto, hata tunamcheka kwa ufupi wake na kwa kupanda mti kama mtoto. Lakini je, tumefahamu jambo alilolifanya siku ile mezani pake?

Tuanze na Mathayo. Kafarnaumu ulikuwa mji wa kando ya ziwa, karibu na mpaka: upande huu alitawala Herode Antipa, upande wa pili ndugu yake Filipo. Basi meza ya Mathayo ilikuwa meza ya mpakani, mfano wa zile tunazozijua Goma, Bunagana, Uvira au Kasumbalesa. Yeriko nao ulikuwa mji wa njia. Uko katika bonde la Yordani, chini kuliko usawa wa bahari, pana joto, pana mitende, na zamani zile palikuwa na mashamba ya zeri, ile dawa ya harufu nzuri iliyouzwa kwa bei kubwa. Herode Mkuu alijenga huko majumba ya kukaa wakati wa baridi. Kutoka Yeriko kwenda Yerusalemu ni kilometa zipatazo 27, mlima mtupu, na ndiyo njia ileile ambayo Bwana Yezu aliichagua kwa hadithi ya Msamaria mwema. Mali yote iliyotoka ng'ambo ya mto kwenda mji mkuu ilipita hapo. Haishangazi basi kwamba mkubwa wa ushuru wa Yeriko alikuwa tajiri.

Lakini utajiri wake ulitoka wapi? Hilo ndilo jambo la kuelewa. Zamani zile, kwa ushuru wa njiani na wa masoko, watawala hawakuweka makarani wa mshahara. Waliiuza haki ya kutoza. Mtu mwenye mali alijifunga kulipa kiasi fulani cha fedha kwa mwaka, halafu akawaendea watu kujirudishia fedha zake, na chochote alichopata kuzidi hapo kilikuwa chake. Mwenye punda aliyebeba tende hakujua haki ni kiasi gani. Alilipa alichoambiwa, akashukuru kwamba hakunyang'anywa punda. Kwa hiyo wizi haukuwa kitu cha nje kilichoingia katika kazi njema. Ulikuwa ndani ya kazi yenyewe, kama mdudu ndani ya maharage. Ndiyo sababu Wayahudi waliwahesabu watu hao pamoja na wanyang'anyi, wala ushahidi wao haukukubaliwa barazani.

Sasa tumsikilize Zakayo. Mgeni wake yu mezani, watu nje wananung'unika kwamba ameingia kwa mkosefu. Zakayo anasimama na kusema kwamba nusu ya mali yake ataigawia maskini, na kama amemdhulumu mtu kitu, atamrudishia mara nne. Kwa nini mara nne? Wengi hudhani ni neno la furaha tu, la mtu aliyechangamka kwa ugeni. Sivyo. Torati ya Musa ilikuwa na vipimo vyake. Mtu aliyeungama mwenyewe kosa lake alipaswa kurudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza alirudisha wanne. Aliyeiba ng'ombe, watano. Na sheria ya Warumi, waliokuwa wakitawala Uyahudi siku zile, ilimtoza mara mbili mwivi aliyegunduliwa baadaye, na mara nne mwivi aliyekamatwa palepale mkono ukiwa katika mali. Zakayo hakukamatwa na mtu. Hakuna aliyemshitaki. Angaliweza kusema: nimeungama kwa hiari yangu, naongeza sehemu ya tano, yatosha. Yeye akajichagulia kipimo cha mwivi. Alijihukumu kama vile amekamatwa.

Tena kuna shida nyingine, ambayo kila karani wa mpakani aliyewahi kujuta usiku anaijua. Utamrudishia nani? Walimu wa Kiyahudi waliijadili shida hiyo, na mafundisho yao yakaandikwa katika karne zilizofuata. Walisema kwamba toba ya watoza ushuru ni ngumu kuliko ya wengine, maana wamewaibia wengi, nao hawawajui. Wamrudishie kila mtu wanayemtambua. Na mali iliyobaki, ambayo mwenyewe hajulikani? Waifanyie kazi ya faida ya watu wote, kama kuchimba visima. Fikirini uzuri wa shauri hilo: yule mwenye punda aliyepita miaka kumi iliyopita, ambaye jina lake halijulikani wala kijiji chake, pengine siku moja atapita tena ana kiu, naye atakunywa maji ya fedha zake mwenyewe. Hatusemi kwamba Zakayo aliwaza hivyo. Lakini ahadi yake ina sehemu mbili zilezile: mara nne kwa wale anaoweza kuwajua, na nusu ya mali kwa maskini. Na tuangalie utaratibu wa mambo katika Injili: ni baada ya maneno hayo ndipo Bwana anatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Kanisa halikulisahau somo hilo. Karibu na mwaka 414, Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alimwandikia barua mkubwa mmoja wa serikali ya Kirumi katika Afrika, jina lake Macedonius. Mtu huyo alikuwa ameuliza kwa nini maaskofu wanawaombea huruma wahalifu. Agustino anajibu kwa upole mwingi, anaitetea huruma. Lakini anapofika kwenye mali ya wizi hakubali kulegea: mtu awezaye kurudisha kitu cha mwenzake naye harudishi, hatubu, anaigiza toba, na dhambi yake haiondolewi. Akiwa hana tena cha kurudisha, hiyo ni habari nyingine. Karne nane baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha neno lilelile, kwamba kurudisha mali ya watu ni lazima kwa wokovu, na kama mwenye mali hajulikani kabisa, itolewe sadaka kwa ajili yake. Kumbe Tomaso na wale walimu wa visima wamekutana, bila shaka pasipo kukusudia.

Hapo ndipo Wakristu wengi tunakwama, tuseme kweli. Sakramenti ya Kitubio tunaipenda. Tunapanga mstari kabla ya Noeli na Pasaka, tunapiga magoti, tunasema tumeiba. Kisha tunaondoka tumepanda baiskeli ya wizi. Tunadhani njia ya kumrudia Mungu inatoka mlangoni mwetu moja kwa moja hadi mbinguni, kumbe inapita kwanza mlangoni pa jirani.

Tuje sasa katika nchi yetu wenyewe. Babu zetu waliijua meza ya ushuru kwa namna ya kutisha. Tangu 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa chini ya Mfalme Leopoldo II, na watu wa vijiji vingi, zaidi katika misitu, walitozwa kodi kwa mpira. Kwa miaka mingi kodi hiyo haikuwa na kipimo kilichoandikwa. Mwaka 1903 sheria ilitolewa kwamba mtu afanye kazi saa 40 kwa mwezi, lakini msituni ni nani aliyehesabu saa? Wakala wa serikali na wa makampuni walipata zawadi kwa kadiri ya mpira walioleta. Aliyeleta zaidi alipewa zaidi. Tazameni, ni desturi ileile ya Yeriko: kazi imepangwa hivi kwamba mtumishi apate faida kwa kumwonea aliye mbele yake. Wanawake walifungwa mpaka waume warudi na vikapu vimejaa. Watu waliiita serikali hiyo Bula Matari, mvunja mawe, na kwa wengi jina hilo lilikuwa jina la hofu. Mazoea ya kuona ofisi kama mahali pa kunyang'anywa, na ya kuona kuidanganya ofisi kama werevu, yana mizizi ya zamani kuliko tunavyodhani.

Baada ya uhuru wa 1960 mambo yangaliweza kugeuka. Mwaka 1967 ilitolewa fedha mpya, zaire, na zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwalimu na karani walinunua nguo, walilipa nyumba, wengine walijenga. Lakini fedha ile iliyeyuka mwaka kwa mwaka, hata ilipofika Oktoba 1993 wakatoa zaire mpya, na ili kupata 1 ya mpya mtu alitoa 3,000,000 za zamani. Katika miaka ile mshahara wa mtumishi wa serikali haukununua hata gunia la unga, na mara nyingi haukufika kabisa. Wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe. Askari akajilipa barabarani. Karani akajilipa mezani. Kinshasa walipata neno la upole kwa jambo hilo, maharage ya watoto. Nasi huku tuna matabishi, neno lililotoka kwa Wareno, ambalo maana yake ni kumwua mdudu, yaani yule mdudu wa njaa aumaye tumboni asubuhi. Tunaweza kusema kwa yakini kwamba mdudu huyo hajafa bado.

Tena mfano ulitoka juu. Tarehe 20 Mei 1976, mbele ya watu wengi uwanjani Kinshasa, Rais Mobutu aliwaambia kwamba mwenye kuiba aibe kidogo, kwa akili. Mwaka uleule, huko Lubumbashi, Askofu Mkuu Eugène Kabanga aliwaandikia waamini wake barua ya kichungaji juu ya utu wa mtu, akalaumu wazi tamaa ya fedha iliyokuwa ikiila nchi. Ilihitaji moyo kuandika hivyo wakati ule. Na tarehe 25 Novemba 1977 Rais mwenyewe alikiri katika hotuba kwamba nchi ina ugonjwa, kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa, hata haki. Aliutaja ugonjwa vizuri kuliko waganga wengi. Dawa hakuinywa.

Sisi hatutaki kumhukumu kwa urahisi baba wa watoto sita asiyepata mshahara. Njaa ni kitu cha kweli, na mhubiri aliyeshiba anapaswa kusema polepole juu yake. Ila kuna swali moja ambalo njaa haituruhusu kuliruka: ni nani anayelipa? Tunasema “serikali ndiyo imenifanya hivi,” lakini si serikali inayotoa matabishi. Anayetoa ni mama aliyetoka sokoni na ndizi kichwani. Na mara nyingine anayelipa hayupo hapo kabisa, hajui kwamba jambo limefanyika, na halipi kwa fedha bali kwa mwili wake. Hapo ndipo habari ya kijana wa Goma inapoanza.

Floribert Bwana Chui Bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Jina lake halihitaji kufasiriwa kwa wasomaji wetu. Alikua katika mji ambao kila miaka michache ulipigwa na jambo jipya. Alikuwa na miaka 13 wakati mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka katika Julai 1994, na kipindupindu kikawaua kwa wingi. Ikaja vita ya 1996, ikaja ya 1998. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, moto wake ukapita katikati ya mji. Kijana alisoma, akapata shahada ya sheria. Wakati huo alikwisha kuingia katika Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa na vijana wa Roma mwaka 1968 kwa sala na kwa urafiki na maskini, na ambayo ilikuwa imefika Goma. Jumuiya iliwahudumia watoto wa barabarani, wale ambao Goma inawaita maibobo. Floribert aliwajua kwa majina. Aliwatafutia chakula na shule. Hakuwaona kama takataka za mji, ingawa wengi walivuka upande wa pili wa barabara walipowaona.

Kisha akapata kazi, na si kazi ndogo. Aliingia katika Office Congolais de Contrôle, ile ofisi ya serikali inayopima ubora wa bidhaa. Baada ya kukaa Kinshasa alirudi Goma, akawekwa kuwa mwangalizi wa bidhaa zilizoharibika. Goma inapakana na Gisenyi ya Rwanda. Kati ya miji hiyo miwili kuna bariere ndogo na bariere kubwa, na vyakula vingi vya mji vinapita hapo. Kazi yake ilikuwa kusema: hiki kipite, hiki kisipite. Ni kazi ya sahihi na mhuri. Watu wengi wa rika lake wangaliitamani, na sababu zao tunazijua.

Mwaka 2007 ulifika mchele ulioharibika. Wenye mali walitaka upite, uuzwe sokoni. Walimwahidi fedha, alipokataa, wakaongeza. Watu wenye nguvu nao walimsukuma. Floribert alifanya jambo ambalo kwetu sisi ni kama ufunguo wa habari yote: alimpigia simu mtawa mmoja mganga, akamwuliza mtu akila chakula cha namna ile atapatwa na nini. Hakuuliza sheria inasema nini. Sheria aliijua, ndiyo elimu yake. Aliuliza juu ya tumbo la mtu. Kwa ushuhuda wa mtawa huyo, Floribert alimweleza pia habari ya fedha aliyoikataa, akasema kwamba fedha zile zingekwisha upesi, lakini wale wangaliokula wangekuwaje? Akajiuliza mbele yake kama yeye anaishi kwa ajili ya Kristu au la. Na kwa sababu hiyo hakuweza kukubali, heri afe.

Tumefika tena kwenye shida ya Zakayo, lakini kwa mlango mwingine. Zakayo alipotubu, wengi wa wale aliowadhulumu walikuwa wamekwenda zao, hawajulikani. Na wale ambao Floribert aliwakinga hawakujulikana vilevile. Mama fulani wa Birere angalinunua kilo mbili, angalipika, angaliwapa watoto. Na kama mtoto angalikufa kwa kuhara, nani angalimtaja kijana wa ofisini? Hata padri angaliyemzika asingejua. Hakuna dhambi rahisi kuificha kama hiyo. Jirani tumpendaye kwa kawaida ana uso: ni ndugu, ni rafiki, ni mgonjwa kitandani. Floribert alimpenda jirani asiye na uso. Aliweza kwa sababu gani? Sisi tunaona kwamba maibobo walimfundisha. Mtu aliyezoea kumjua kwa jina mtoto ambaye mji mzima haumjui, siku ya mchele haoni magunia tu, anaona wale watakaokula.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Tarehe 9 mwili wake ulionekana, na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26, na mchumba aliyekuwa akijitayarisha kuolewa naye.

Nchi yetu ilikuwa na wenyeheri kabla yake. Isidori Bakanja alifariki 1909 kwa majeraha aliyopigwa na bwana wa shamba kwa ajili ya skapulari. Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akilinda nadhiri yake. Hao ni rahisi kuwaeleza watoto wa katekisimu. Lakini mtu aliyekufa kwa ajili ya mchele? Wengine waliuliza, na ni swali la haki: hakuna aliyemwambia Floribert amkane Kristu, wala akanyage msalaba. Waliomwua walikasirikia mzigo wao, si Nasadiki. Je, huyu ni shahidi wa imani?

Jibu lilikuwa limekwisha tolewa katika karne ya 13. Mtakatifu Tomaso anauliza kama imani peke yake ndiyo sababu ya ushahidi wa damu, naye anamleta Yohane Mbatizaji. Yohane hakuuawa kwa kukataa kuikana imani. Aliuawa kwa sababu alimwambia Herode si halali kumchukua mke wa ndugu yake. Hata hivyo Kanisa linamheshimu kama shahidi. Kila tendo jema linalofanywa kwa ajili ya Mungu ni namna ya kuiungama imani, na mwenye kufa kwa ajili yake anakufa kwa ajili ya imani. Yohane huyo ndiye aliyewaambia watoza ushuru wasizidishe kiasi. Katika Novemba 2024 Papa Fransisko aliidhinisha tangazo kwamba Floribert aliuawa kwa chuki ya imani.

Papa huyo alikuwa na kijana wetu moyoni. Alitamani kufika Goma, lakini vita vikazuia. Alipokuja Kongo mwaka 2023 aliishia Kinshasa. Tarehe 2 Februari, katika Uwanja wa Mashahidi uliojaa vijana na makatekista, aliwasimulia habari ya Floribert. Alisema kwamba angaliweza kuuachia ule mzigo. Hakuna ambaye angalijua, tena angalipata faida. Lakini kwa kuwa alikuwa Mkristu alisali, akawafikiria wengine, akakataa uchafu ule. Vijana walishangilia sana. Twajua kushangilia ni rahisi uwanjani, na kwamba wengi wao kesho yake walikuwa na karani wa kumwona. Lakini ni jambo kubwa kwamba jina hilo lilitamkwa mbele yao, kwa sauti, na mgeni aliyetoka mbali.

Maaskofu wetu nao walikuwa wamesema. Katika Julai 2009, miaka miwili baada ya kifo cha Floribert, walitoa ujumbe mzima juu ya rushwa na kufufuliwa kwa taifa kwa njia ya haki. Ujumbe ulisomwa, ukawekwa kabatini katika parokia nyingi. Ndivyo inavyokuwa kwa karatasi. Mtu mmoja aliyefanya kazi yake sawasawa hawezi kuwekwa kabatini.

Ibada ya kumtangaza Mwenyeheri haikufanyika Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji. Ilifanyika Roma, tarehe 15 Juni 2025, sikukuu ya Utatu Mtakatifu, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, ikiongozwa na Kardinali Marcello Semeraro. Papa Fransisko alikuwa amefariki tangu tarehe 21 Aprili. Kesho yake Papa Leo XIV aliwapokea mahujaji wa Kongo. Sikukuu ya Mwenyeheri iliwekwa tarehe 8 Julai.

Waamini wengine hutuuliza ni mtakatifu gani wa kumwomba wakati wa njaa, na wengine ni yupi wa kumwomba kabla ya kwenda ofisini. Sasa kuna mmoja ambaye alijua mambo yote mawili. Na mtu ambaye tayari amechukua, ambaye hasomi habari hii kwa raha, huyo ana Zakayo, aliyekuwa amechukua kwa miaka, na ambaye Bwana alimwita kwa jina kutoka mtini kabla hajarudisha hata senti moja.

Huko Goma, ndugu zake wa Sant'Egidio walifungua shule kwa watoto waliokimbia vita. Waliipa jina la Floribert.